Jina Linalofika Ng'ambo ya Shamba

Jina la mbwa hutungwa kwa ajili ya koo, si kwa ajili ya karatasi. Mtoto wa mtu atapewa jina la babu yake, litaandikwa kwenye cheti, litasomwa darasani, naye ataitwa kwa upole wakati wa kula. Mbwa huitwa magharibi, mwitaji amesimama mlangoni na mwitwa hajulikani yuko katika shamba la nani. Ndiyo maana fundi wa majina ya mbwa ana sharti ambalo fundi wa majina ya watu hana: jina lipasue hewa, livuke karanga na mihogo, na liishie kwenye irabu inayoweza kuvutwa mpaka pumzi iishe. Simba linavutika. Tomi linavutika. Popi, Jeki, Bobi, yote yanavutika. Mwite mbwa wako Sulubishwa, halafu uniambie kama utampata kabla ya usiku.

Pale Isevya, Tabora, nilipokulia, palikuwa na ufundi wa juu zaidi ya huo. Mama mmoja jirani yetu alifuga mbwa mwekundu, mkia umejikunja kama mpini wa kikombe, akamwita Tumewazoea. Jina refu, nakubali, na kwa kanuni niliyoitaja hapo juu halifai. Lakini halikuwa limetungwa kwa ajili ya mbwa. Kila jioni sauti ilipanda juu ya ua wa minyaa: "Tumewazoea! Tumewazoea, njoo ule!" Ng'ambo ya ua alikaa wifi yake. Mwezi haukwisha, wifi naye akaleta kitoto cha mbwa, cheusi, akakiita Mtachoka. Tangu hapo mtaa mzima ulikuwa unasubiri saa kumi na mbili jioni kama wengine wanavyosubiri taarifa ya habari. Mbwa wenyewe walishinda pamoja chini ya mwembe, wakipokezana mfupa mmoja, hawana habari kwamba wamebebeshwa kesi ya watu. Balozi wa nyumba kumi hakuwa na la kufanya. Nani atamshtaki mtu kwa kumwita mbwa wake aje kula? Kanga hufanya kazi hiyo hiyo ya kusema bila kusema, ila kanga haina sauti.

Labda ni malezi hayo. Nilipokuja kusoma vitabu vya wasafiri wa Kizungu waliopita Tabora karne ya 19, wakati wenzangu wanatafuta bei za pembe na majina ya machifu, mimi nilijikuta natafuta majina ya mbwa. Wapo. Njia ile ya msafara, Bagamoyo hadi Unyanyembe, nchi ya Tabora, na kuendelea Ujiji, haikukanyagwa na miguu ya wapagazi peke yake.

Wa kwanza niliyemkuta anaitwa Omar. Alikuwa mbwa wa ulinzi wa Stanley katika safari ya 1871, ile ya kumtafuta Livingstone, na hakufika mbali: tumbo lilimuua kabla hata hawajaingia Ugogo, mahali ambapo bwana wake alitegemea masikio yake kuliko mahali pengine popote. Kwa sauti, Omar ni jina jema. Kwa akili, ni jina baya. Jina la khalifa wa pili, katika kambi iliyojaa Waislamu, unampa mbwa? Fundi yeyote wa pwani angemshika mkono. Wala si kwamba Waislamu hawamjui mbwa mwenye jina. Watu wa Pangoni, ambao kisa chao kimo katika sura ya 18 ya Kurani, walilala na mbwa wao kizingitini. Kurani haikumtaja kwa jina, wafasiri wakampa la Kitmiri. Hilo sasa ni jina la mbwa hasa. Linagonga mara mbili kisha linateleza, na halijamvunjia mtu heshima yake.

Stanley aliporudi mwaka 1874 alikuja na mbwa watano kutoka Uingereza, na hapa ndipo mtu anaweza kuuona ufundi wa Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria umepangwa mstari mmoja. Castor, jibwa la kulinda mashamba ya wakubwa, zawadi ya Baroness Burdett-Coutts. Captain, wa aina hiyo hiyo. Nero, mbwa wa kuokota ndege waliopigwa risasi. Bull na Jack, mbwa wa taya nene. Wengine kati yao walitoka katika nyumba ya mbwa waliopotea huko Battersea, London.

Majina matano, na kila moja linakwambia zaidi habari za aliyelitoa kuliko za aliyelipewa. Castor ni pacha wa hadithi za Wayunani, mfuga farasi, na pacha mwenzake, Pollux, hakuja. Anayemwita mbwa wake hivyo anataka ujue kwamba alisoma Kilatini. Captain ni cheo cha jeshi na cha meli, katika taifa lililokuwa likiviona vyote viwili ni vyake kwa haki. Nero ni kaisari wa Roma, na sijapata kuelewa kwa nini Mkristo ampe mbwa ampendaye jina la mtesi wa Wakristo, lakini walilipenda sana. Jack ni jina la mtu yeyote, la baharia, la kijana wa zizini. Na Bull ni mvivu wa kufikiri: mbwa aina ya buldogi, aitwe Bull. Sawa na kumwita jogoo wako Jogoo.

Sasa hao wenye majina makubwa, Castor na Nero na Captain, ndio waliotangulia kufa. Aliyedumu kuliko wote ni yule aliyepewa jina bila jasho. Bull alitembea karibu maili 1,500, ndiyo zaidi ya kilomita 2,400, akazunguka na msafara hadi Buganda na Karagwe, akaanguka mwaka 1876 wakati wanateremka kuelekea nchi ya Wanyamwezi. Mwezi wa Aprili mwaka huo Stanley alikutana na Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, huko Serombo. Wanyamwezi nao walikuwa na shule yao ya majina: mtu huyo alizaliwa Mtyela Kasanda, na jina alilolivaa vitani lina maana ya maiti. Ukilisikia likiitwa upande wa pili wa boma lako usiku, hukuhitaji kueleweshwa.

Napenda kumfikiria Bull katika vinywa vya wapagazi. Kiswahili hakimwachi mgeni mlangoni na konsonanti tupu. Kinampa kigoda cha irabu akae. Bull hana budi kuwa Buli, na buli ni chombo cha chai. Jack ni Jeki, ambalo leo ni la kuinulia magari. Lakini hakuna aliyebahatika kama mbwa wa Cameron, aliyepita Unyanyembe mwaka 1873. Cameron alimwita Leo, yaani simba kwa Kilatini, kisomo kile kile cha kina Castor. Chukua jina hilo ulipeleke katikati ya msafara wa Waswahili. Mzungu amesimama alfajiri, mizigo haijafungwa, anapiga kelele: "Leo! Leo! Leo!" Mpagazi mwenye malaria na mzigo wa ratili sabini angejibu nini, zaidi ya kwamba leo amechoka, labda kesho?

Livingstone alikuwa na mbwa mwenye jina lisilonuka darasa la Kilatini. Chitane, mbwa mdogo wa manyoya ya kusokota, jeuri, mfukuza mbwa wa vijiji vizima. Sikio la Mswahili halilisikii jina hilo bila kumkumbuka shetani, na kwa tabia zake lingemfaa. Alikufa Januari 1867, kusini ya mbali, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Walikuwa wanavuka mto uliofurika, maji ya kiunoni, upana wake kama maili nzima. Livingstone akatangulia, akasahau kuagiza abebwe. Chitane akaogelea akiwafuata watu mmoja mmoja, kama kawaida yake ya kuupanga mstari wa msafara, mpaka nguvu zikamwisha. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Chitane hakuuona.

Habari yake iliingia katika shajara kubwa ambayo wataalamu wanaiita kwa jina la nchi yetu, Shajara ya Unyanyembe. Tarehe 14 Machi 1872, Livingstone na Stanley waliagana nje ya Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini, na shajara ikaondoka na Stanley ikiwa imetiwa muhuri. Kwa hiyo jina la mbwa aliyekufa maji mamia ya maili kusini lilipita chini ya miembe yetu, ndani ya sanduku, kichwani kwa mpagazi ambaye jina lake yeye hakuna aliyejali kuliandika.

Nimefika Kwihara mara nyingi. Tembe lililojengwa upya pale ni makumbusho sasa, na wageni huonyeshwa chumba na mlango. Mimi hutafuta uwanja, kwa sababu ya jambo lililotokea hapo mwaka 1871. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa Stanley mtoto wa kiume, mtumwa, aitwaye Ndugu Mhali. Stanley hakulipenda jina. Akawakusanya watu wake akawaomba jingine, na kwa mujibu wa kitabu chake mwenyewe, mashauri yalitoka kama tuko kijiweni. Mmoja akasema aitwe Simba. Mwingine, Ng'ombe. Mwingine akasema Mirambo, watu wakaangua kicheko, maana Mirambo wa kweli ndiye waliyekuwa wanapigana naye. Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa askari wa msafara, akapendekeza Bombay Mdogo.

Ndipo akasema mmoja aitwaye Ulimwengu. Yeye hakutoa jina mfukoni. Alimtazama mtoto kwanza: macho yanavyong'aa, mwili ulivyo mwembamba, anavyogeuka upesi. Akasema: Kalulu. Stanley aliandika kwamba maana yake ni mtoto wa paa. Wachewa watakwambia kalulu ni sungura. Vyovyote, ni mnyama ambaye ukipepesa jicho hayupo. Wakaleta maji katika sufuria ya bati, wakamwagia, jina likapita.

Ukiniuliza ni nani alikuwa bingwa wa ufundi huu katika njia nzima ya msafara, sitamtaja Baroness wala bwana yeyote wa Battersea. Nitamtaja Ulimwengu. Silabi tatu, irabu tatu, jina linaloruka. Lingefika ng'ambo ya shamba lolote.

Na hapo hapo nakwama, kwa sababu aliyepewa jina hilo hakuwa kitoto cha mbwa. Mtoto alikuwa na jina. Alitokea mtu akaona si zuri. Tazama waliokuwa uwanjani: Bombay, Myao aliyetekwa angali mdogo, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi, akarudi akiitwa kwa jina la mji. Kina Mabruki na Baraka, majina ya kheri waliyopewa watu waliokosa kheri. Katika pwani yetu watumwa waliitwa Almasi, Feruzi, Marjani, vito vya thamani vilivyo na mwenyewe. Uingereza ya kabla ya Victoria ilikuwa na mtindo wake: watoto Waafrika katika majumba ya wakubwa waliitwa Pompey, Caesar, Scipio. Utumwa ulipofutwa, kapu lile la majina ya Kirumi halikutupwa. Walibaki mbwa. Hata Stanley mwenyewe alizaliwa John Rowlands. Kalulu alifika London, akasomeshwa, akarudi, akafa kwenye maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877 na wasafiri wakayaita maporomoko yale kwa jina lile alilolitoa Ulimwengu, Kalulu.

Huko Uingereza, wakati huo, ufundi ulikuwa unahamia kwenye karatasi. Chama cha wafugaji wa mbwa, Kennel Club, kiliundwa mwaka 1873, vikaja vitabu vya nasaba, na mbwa wa mashindano wakaanza kubeba majina marefu kama ya masultani. Nyumbani waliendelea kuitwa kwa silabi mbili. Malkia mwenyewe, akiwa anakufa Januari 1901, aliletewa kitandani mbwa wake mdogo, naye aliitwa Turi. Na yule mbwa anayesikiliza bomba la santuri, aliyechorwa mwaka 1898, alikuwa Nipper, kwa kuwa alizoea kung'ata wageni miguuni. Picha yake ikawa nembo ya kampuni ile ile iliyorekodi sauti ya Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Katika nyumba ambazo mbwa hakuruhusiwa kukanyaga ukumbi, Nipper alizunguka katikati ya sahani, akimsikiliza Siti. Hakuna aliyemwita, kwa hiyo jina lake halikufika.

Mwezi uliopita mpwa wangu, ana miaka minane, aliletewa kitoto cha mbwa. Tulikuwa watu saba uani, na tulikuwa tayari. Shemeji akasema Simba. Jirani akasema Tomi. Kaka yangu akataja mchezaji mpira, na mimi, kwa majivuno ya vitabu, nikasema Kitmiri. Dada akasema aitwe jina litakalomfunza adabu mtu fulani wa mtaa wa pili; akakatazwa.

"Hapana, mjomba," mtoto akaniambia, kama mimi ndiye mwenye makosa yote. "Hajakimbia bado. Tumwone kwanza."

Wiki ya tano hii. Anamwita Wewe, na anakuja.