Kina Kinachorejea: Msiba na Shaka katika In Memoriam ya Tennyson

Ushairi wa maombolezo aghalabu huhukumiwa kwa machozi yake. Utungo wa Alfred Tennyson uitwao In Memoriam wastahili kuhukumiwa kwa vina vyake pia, maana humo ndimo imani ya Kikristo ya mfiwa ilimojishikiza wakati hoja zilipomwishia.

Tennyson, mwana wa kasisi wa Kianglikana wa Somersby, Uingereza, alikuwa na umri wa miaka 24 rafiki yake Arthur Hallam alipofariki ghafla mjini Vienna, Septemba 1833. Hallam alikuwa na miaka 22, naye alikuwa mchumba wa Emily, dada yake mshairi. Jeneza lilisafirishwa kwa merikebu kutoka Trieste, na maziko yakafanyika Clevedon Januari 1834. Beti zinazoisindikiza merikebu hiyo, zikiiombea bahari shwari na upepo mwema, zitamgusa kila mtu wa pwani aliyewahi kungoja chombo kilichobeba maiti. Utungo wote ulichukua miaka 17. Ulitoka mwaka 1850 bila jina la mtunzi, na katika umbo lake la mwisho una sehemu 131, mbali na sala ya ufunguzi na tamati.

Mpenzi wa tenzi ataitambua mizani yake bila taabu: kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo silabi nane. Tofauti imo katika vina. Katika utenzi wetu, vipande vitatu vya mwanzo hupatana kina, na cha nne hubeba bahari inayotiririka toka ubeti hata ubeti, ikiisukuma hadithi mbele. Kwa Tennyson, mshororo wa kwanza hupatana na wa nne, na wa pili na wa tatu. Kina cha kwanza hutoweka, sikio likadhani kimepotea, kisha kikarejea mwishoni. Huo ndio mwendo wa msiba: mfiwa hutoka, huzunguka, akajikuta pale pale. Ndio mwendo wa sala yake pia.

Shaka iliyomo si ya kupambia. Mwaka 1837 Tennyson alisoma kitabu cha Charles Lyell kuhusu miamba na umri wa dunia, miaka 22 kabla ya Darwin kuchapisha nadharia yake maarufu. Katika sehemu za 54 hadi 56 mshairi anayatazama mabaki ya viumbe waliokwisha kutoweka na kuuliza kama binadamu naye, pamoja na mapenzi na ibada zake zote, ataishia kuwa vumbi lililofungiwa mwambani. Mungu amefundishwa kuwa ni upendo. Maumbile yanaonesha meno na kucha. Mshairi hatoi jibu. Anakiri udhaifu wake kama mtoto aliaye gizani, na ubeti unajifunga kwa kina kile kile ulichoanza nacho.

Mrejeo huo umeenea hata katika mpango wa utungo. Krismasi yarudi mara tatu: ya kwanza familia inaimba kwa sauti zinazokatika, ya pili kwa utulivu wenye majonzi, ya tatu katika makazi mapya, mbali na kengele walizozizoea. Katika sehemu ya 7 mfiwa anasimama alfajiri ya mvua mbele ya nyumba ya marehemu mjini London. Katika sehemu ya 119 anarudi mtaa ule ule, na safari hii anasikia ndege. Marehemu hakurudi, aliyebadilika ni anayesimama mlangoni.

Mwaka 1936 T. S. Eliot alitoa hukumu iliyoshika: kwamba imani iliyomo humu ni hafifu, na kinachoupa utungo hadhi ya kidini ni ukali wa shaka yake. Kwa upande wa tamati, hukumu hiyo ni ya haki. Harusi ya dada mwingine wa mshairi, iliyofungwa mwaka 1842, inaletwa kufunga kilio kana kwamba vigelegele vyaweza kuyajibu maswali ya miamba, na tumaini linalotangazwa hapo ni jepesi kuliko uzito uliotangulia.

Lakini hukumu hiyo yaipita sala ya ufunguzi. Sala hiyo, yenye tarehe ya 1849, ilitungwa miaka 16 baada ya msiba, ikawekwa mbele ya beti zote za shaka bila kufuta hata moja. Inamwelekea Mwana wa Mungu asiyeonekana, inakiri kutojua, inaomba msamaha kwa huzuni iliyopindukia. Nayo imetungwa kwa ubeti ule ule uliobeba kilio cha gizani: silabi nane, kina kinachokwenda na kurejea. Imani ambayo Eliot aliiona hafifu imo katika kurejea huko. Mfiwa aliyeishiwa na hoja angali ana njia ya kurudi kuomba, na njia hiyo ameikanyaga beti kwa beti kwa miaka 17.