Kutafsiri ‘thrift’ kuwa ubahili ni kupotosha

BAADHI ya wanafunzi wa tafsiri, na hata watangazaji, wakikumbana na neno ‘thrift’ la Kiingereza huliita ‘ubahili’, basi yakaishia hapo. Kumbe wamemtusi mtu ambaye mwandishi asilia alikuwa akimsifu!

Neno hilo liliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, katika kitenzi chenye maana ya kushika au kukamata. Ni ndugu wa ‘thrive’, yaani kusitawi. Kwa hivyo, mwanzoni ‘thrift’ ilikuwa neema na mali ya mtu aliyefanikiwa. Maana ya kutumia kwa uangalifu ilikuja baadaye. Shakespeare anazo zote mbili. Katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina Mabepari wa Venisi (1969), Shylock hulitumia kutaja faida ya biashara yake. Hamlet naye hulitumia kwa kejeli, chakula cha matanga ya babake kilipoandaliwa tena kwenye arusi ya mamake.

Kinachonivutia ni kwamba Kiswahili pia kina picha ya mkono unaoshika. ‘Kabidhi’ tumelitoa katika Kiarabu, na msingi wake ni kushika, kufumbata. Lakini ukimwita mtu kabidhi, humsifu ng’o. Unasema ana mkono wa birika. Picha ni moja, ila Waingereza waliifanya sifa nasi tukaifanya lawama.

Neno faafu ni ‘uwekevu’, kutokana na ‘weka’. Mwekevu huweka leo ili atumie kesho. Bahili huweka asitumie, hata mtoto akiugua. Nakiri kwamba uwekevu haubebi ile maana kongwe ya kusitawi. ‘Uchumi’, linalotokana na ‘chuma’ kama mtu achumavyo maembe, lingeikaribia zaidi, ila limekwisha kutekwa na mawaziri wa fedha.

Siku hizi vijana wa Nairobi husema ‘nguo za thrift’. Hizo ni mitumba, jamani, na neno tunalo tangu zamani. Nako Marekani ‘thrift’ ni aina ya taasisi ya fedha inayopokea akiba na kuwakopesha watu pesa za kununulia nyumba. Sijui nani atapeleka akiba yake kwenye ‘taasisi ya ubahili’, sembuse kwenda kuomba mkopo huko!