Ua la Kangaga na Jamii Isiyokuwepo: Mkesha wa Ivan Kupala katika Hadithi ya Gogol

Mhakiki anapoikabili kazi andishi iliyojengwa juu ya fasihi simulizi, aghalabu huanza kwa kuorodhesha motifu zilizoazimwa, kisha huhitimisha kwamba mwandishi amechota katika kisima cha jadi. Makala haya yanadai kuwa orodha ya namna hiyo haitoshi, kwa sababu haioni kile ambacho mwandishi amekiacha kisimani. Kielelezo chetu ni hadithi ya Nikolai Gogol, Mkesha wa Ivan Kupala, iliyochapishwa kwanza mwaka 1830 na kuingizwa mwaka 1831 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Dikanka, nchini Ukraine.

Kupala ni sikukuu ya katikati ya kiangazi miongoni mwa Waslavi wa Mashariki, yaani Waukraine, Wabelarusi na Warusi. Imefungamanishwa na kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji tarehe 24 Juni, siku ambayo kwa kalenda ya kale ya Julian huangukia 7 Julai ya kalenda ya kawaida. Ivan ndiye Yohana. Neno Kupala nalo hunasibishwa na kitenzi chenye maana ya kuoga au kuzamisha majini. Tarikhi ya Gustyn ya karne ya 17 inamtaja Kupalo kuwa mungu wa mazao, ila wataalamu wengi huona kwamba mungu huyo alizuliwa kutokana na jina la sikukuu yenyewe.

Tukiitazama Kupala kama miviga, jambo la kwanza linalodhihirika ni kwamba mtendaji wake ni jamii. Vijana huwasha moto kando ya mto na kuuruka wawili wawili wakiwa wameshikana mikono. Mikono isipoachana, huaminika kwamba wataoana. Wasichana huelekeza mataji ya maua majini ili wabashiri ndoa zao. Nchini Ukraine hupambwa tawi au sanamu iitwayo Marena, ambayo mwishowe huraruliwa au kuzamishwa. Vladimir Propp, ambaye wanafunzi wetu wa ngano wanamfahamu kwa kitabu chake cha mwaka 1928 kuhusu mofolojia, alirejea katika mila kama hizi mwaka 1963, katika uchunguzi wake wa sikukuu za wakulima wa Urusi. Hata maadui wa sherehe hiyo wanatoa ushahidi uleule: mwaka 1505 Pamfil, mkuu wa monasteri moja ya eneo la Pskov, alilalamika kwamba karibu mji mzima uliinuka usiku huo kwa ngoma na nyimbo.

Imani moja tu inakwenda kinyume na mkondo huo. Husemwa kwamba usiku wa manane kangaga huchanua ua moja, na kwamba atakayelichuma ataziona hazina zilizofichwa ardhini na kuelewa lugha ya wanyama. Mtafutaji huenda msituni peke yake, hujichorea duara, wala hageuki nyuma hata akiitwa. Kangaga, kama tujuavyo, haitoi maua kamwe. Hivyo basi, pembezoni mwa sikukuu ya watu wote jadi imeweka tunzo la mtu mmoja, na tunzo lenyewe halipatikani.

Gogol amelichukua pembe hilo peke yake. Petro, kibarua maskini, anampenda Pidorka, binti wa tajiri wake Korzh. Anapofukuzwa, Basavriuk, shetani aliyejivika umbo la mtu, anamwongoza hadi kwenye ua. Petro analichuma, lakini hazina haipatikani mpaka damu ya mtu imwagwe. Naye, akiwa amepumbazwa na dhahabu, anamchinja Ivas, mtoto wa miaka sita, ndugu wa Pidorka. Akizinduka hakumbuki lolote. Anaoa, anatajirika, na kwa muda wa mwaka mzima anahangaika kukumbuka. Mkesha mwingine wa Kupala unapofika, kumbukumbu inarudi. Petro anageuka jivu, na dhahabu inageuka vigae.

Je, moto wa kuruka uko wapi? Mataji, mto na nyimbo viko wapi? Katika usiku wa Gogol havipo. Wala hatuwezi kusema kwamba mwandishi hakujali mila hizo: mwezi Aprili 1829, akiwa St. Petersburg, alimwandikia mama yake akimwomba maelezo ya desturi za nyumbani, Kupala ikiwemo. Shangwe ya jamii ameihamishia kwenye arusi. Huko ndiko msimulizi anakotupa mavazi, vyakula, ngoma na mizaha kwa wingi. Yaani, kijiji kinakusanyika kushangilia mali iliyonunuliwa kwa damu ya mtoto wake, na bwana arusi mwenyewe amesahau. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye kiini cha hadithi. Ua halikuleta laana kwa kuwa ni la kishetani tu. Limeleta laana kwa kuwa limetenganishwa na mikono iliyoshikana juu ya moto.

Inaweza kupingwa kwamba upungufu huo unatokana na utanzu: wahakiki wengi wameihusisha hadithi hii na Liebeszauber ya Mjerumani Ludwig Tieck, ambamo pia damu ya mtoto inamwagwa kwa ajili ya uchawi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, inaeleza tu mauaji yalikotoka. Haielezi kwa nini mila zilizoondolewa usiku wa Kupala zimejazwa katika arusi, wala kwa nini adhabu ya Petro inaanza kwa kusahau.

Utangulizi wa hadithi unatuunga mkono. Chapisho la mwaka 1830 lilibadilishwa na mhariri wa jarida, Pavel Svinyin. Katika toleo la mwaka 1831 Gogol anamleta msimulizi wake, Foma Grigorievich, mhudumu wa kanisa la Dikanka, akisomewa hadithi yake iliyochapwa. Foma anakasirika na kukana kwamba maneno hayo ni yake. Kisha anaisimulia upya. Kejeli hiyo haimlengi mhariri peke yake. Inamlenga kila mwenye kuchuma simulizi kama ua, akaondoka nalo bila kuwatazama waliobaki kando ya moto.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba uhakiki wa matumizi ya fasihi simulizi uulize maswali mawili kwa pamoja: mwandishi amechukua nini, na amewaacha wapi watu waliokuwa wakikitenda? Swali la kwanza peke yake hutupatia vigae tukavidhania dhahabu.