Pembe Nne za Tandiko

Mpe mshona viatu mzoefu kiatu kikuukuu, atakwambia mwenyewe alikuwa akikanyagia upande gani. Ngozi iliyovutwa hubaki na alama ya kilichoivuta. Kwa jicho hilohilo Peter Connolly, mchoraji Mwingereza na mwanahistoria wa majeshi ya kale, alizitazama ngozi za matandiko ya farasi ya Kirumi zilizofukuliwa Valkenburg, Uholanzi, katika udongo wa majimaji. Kilichokuwa ndani ya ngozi hizo kilikwisha kuoza zamani. Pamoja na Carol van Driel-Murray, bingwa wa ngozi za kale, alisoma matundu ya sindano, mikunjo, na mahali ngozi ilipotanuka kwa kubanwa na kitu kigumu. Mwaka 1991 walichapisha jibu lao: ndani palikuwa na kiunzi cha mbao.

Wapo wanaolipinga jibu hilo hadi leo. Mimi namheshimu Connolly kwa sababu hakuishia kwenye mchoro. Aliliunda tandiko lenyewe.

Tandiko la Kirumi lina pembe nne. Mbili za mbele zimelala kwa nje, juu ya mapaja. Mbili za nyuma zimesimama na kukiegemeza kiuno. Mkunjo wa pembe hizo ulijulikana kutokana na vibamba vya shaba vilivyokuwa vikizivika, vikiwemo vile vilivyofukuliwa Newstead, Uskoti, katika uchimbaji wa James Curle ulioanza 1905. Kibamba kikikaa sawasawa juu ya mbao, seremala anajua hajapotea. Lakini mwamuzi wa mwisho ni mgongo wa farasi. Uzito sharti ugawanyike pande zote mbili za uti wa mgongo. Ukiangukia juu ya mfupa, mnyama hupata vidonda. Basi fundi hutandika, hukaza mkanda wa tumboni, hutazama, hutandua, akapunguza mbao kidogo, akatandika tena.

Kwa miaka mingi wasomi waliamini kwamba askari asiye na rikabu hawezi kupiga kwa nguvu bila kuanguka, na Warumi hawakuwa na rikabu. Ann Hyland, mpanda farasi na mwandishi wa vitabu juu ya farasi wa kale, alilipanda tandiko la Connolly. Mpandaji akiinama upande, paja hunaswa chini ya pembe ya mbele. Akisukumwa nyuma, pembe za nyuma humpokea. Shida hubaki kwenye kupanda, kwani bila rikabu, na pembe zikiwa zimesimama hivyo, ni lazima uruke. Hapo ndipo maneno ya Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, yanapoeleweka. Aliandika kwamba vijana walifundishwa kuruka juu ya farasi wa mbao, kwanza mikono mitupu, kisha na silaha, kutoka kulia na kutoka kushoto.

Ukikutana na nakala ya tandiko hili katika jumba la makumbusho, usiishie kuliangalia kwa mbele. Zunguka nyuma, uinamie mshono wa pembe, uhesabu matundu.