"Elimu ya Msingi" na "Elimumsingi": Istilahi Mbili Zinazogongana

Istilahi mbili zinazofanana kwa sauti na kuachana kwa maana ni mtihani kwa mfasiri na mtego kwa mwananchi. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza istilahi elimumsingi, iliyopewa nafasi kubwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, na kuilinganisha na ile iliyoitangulia, yaani elimu ya msingi. Hoja yetu ni kwamba dhana iliyokusudiwa ni ya haki, lakini jina lililochaguliwa haliitoshi.

Yafaa tuanze na historia. Kabla ya Uhuru, mtoto wa Kiafrika katika Tanganyika alisoma madarasa manne ya kwanza, na wachache tu waliendelea na shule za kati, kuanzia darasa la tano hadi la nane. Katika miaka ya 1960 ngazi hizo mbili ziliunganishwa, darasa la nane likaondolewa, ikapatikana shule moja ya miaka saba. Ndiyo tunayoiita shule ya msingi.

Hata jina hilo halikukosa kasoro. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alishikilia kwamba elimu ya shule hizo iwe kamili yenyewe, wala isiwe matayarisho ya sekondari tu, kwa kuwa watoto walio wengi hawangepata nafasi huko. Lakini msingi, kwa asili yake, hungoja kuta. Siasa ilisema kuwa nyumba imekamilika. Jina likasema kuwa bado. Hata hivyo matumizi yalishinda. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwisho wa mwaka 1977, na Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ilipowalazimisha wazazi kuwaandikisha watoto waliotimiza umri wa miaka saba, maana ilikuwa wazi kwa kila mtu: darasa la kwanza hadi la saba.

Utata uliingia baadaye. Mkutano wa dunia uliofanyika Jomtien, Thailand, mwaka 1990, ulieneza dhana pana zaidi: elimu inayotosheleza mahitaji ya lazima ya kujifunza, kwa mtoto, kijana na mtu mzima. Dhana hiyo inavuka mipaka ya shule ya msingi, nasi tulikuwa na neno moja tu. Sera ya 2014, ambayo kwa sifa yake iliandikwa kwa Kiswahili, ilihitaji kutaja miaka kumi ya elimu ya lazima itakayofika hadi kidato cha nne. Ikatumia elimumsingi. Kwa maneno mengine, tofauti ya miaka mizima ya shule ilibebeshwa silabi moja, ya, ambayo ama ipo ama haipo.

Kasoro za istilahi hii ni tatu. Kwanza ni ya sauti: katika hotuba au redioni, msikilizaji hana muda wa kuisaka silabi iliyodondoshwa. Pili ni ya muundo. Katika maneno kama elimumimea na elimuviumbe, sehemu ya kwanza ina maana ya taaluma, na ya pili hutaja kinachochunguzwa. Kwa kanuni hiyo, elimumsingi ingekuwa taaluma inayochunguza misingi. Tatu ni ya tahajia: waandishi huandika mara elimumsingi, mara elimu msingi, na mhariri mwangalifu hurudisha ya akidhani anasahihisha kosa, kumbe amebadili maana.

Huenda wengine wakajibu kwamba muktadha hufafanua. Tutazame basi muktadha wenyewe. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne, na mpango huo ukaitwa elimumsingi bila malipo. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jambo jipya lilikuwa sekondari, ambako mwanafunzi wa kutwa alikuwa akilipa shilingi 20,000 kwa mwaka. Basi mzazi aliyesikia elimu ya msingi alisikia habari ya zamani. Ile iliyomhusu, ya mtoto wake aliyemaliza darasa la saba, ilimpita. Jina lilificha zawadi ambayo lilikusudiwa kuitangaza.

Mfasiri naye ajihadhari na jirani. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inajumuisha pia sekondari. Maneno ni yale yale yaliyozoeleka kwetu, lakini mpaka wake ni mwingine.

Tunapendekeza mambo matatu. Elimu ya msingi ibaki kuwa jina la ngazi ya shule ya msingi peke yake. Pale ambapo wajibu wa miaka kumi ndio unaokusudiwa, itumike elimu ya lazima, istilahi ambayo haigongani na nyingine kwa sauti. Tunakubali kwamba lazima hutaja amri ya sheria bila kutaja kinachofundishwa. Lakini kasoro hiyo ni ndogo kuliko ya jina linalosikika kama jingine. Kwa mtu mzima, ambaye sheria hiyo haimgusi, tunayo tayari kisomo na elimu ya watu wazima, maneno yaliyokomaa tangu mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tatu, maadamu elimumsingi imekwisha kuingia katika nyaraka, kila anayeitumia ataje papo hapo darasa inapoanzia na kidato inapoishia.

Istilahi ya serikali haiandikwi kwa ajili ya wataalamu peke yao. Hupimwa pale inaposomwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, na mtu ambaye hana wa kumwuliza.