Haya Maneno ni ya Nani?

Toleo letu lililopita lilitoka kwa sura mbili. Wenye simu kubwa walipata faili lenye picha na herufi nzuri. Sisi wengine, wa simu ndogo na bando la kuhesabu, tulipata maandishi matupu, yaani herufi peke yake, bila wino mzito wala herufi za mlazo. Nimesoma yote mawili nikiwa kwenye foleni ya maji, na nawaambia wahariri wetu kwa heshima: hilo si toleo moja. Ni mawili, na la pili linadanganya ingawa hakuna aliyekusudia.

Chukueni ile insha ya njia ya kutoka Uvira. Ni nzuri sana, kwangu ndiyo bora katika toleo lote. Mwandishi anamnukuu bibi yake, na kwenye faili zuri maneno ya bibi yamelazwa na kusogezwa ndani kidogo, kwa hiyo jicho linajua: hapa anasema mzee. Kwenye maandishi matupu mlazo umepotea, nafasi imepotea, na bibi amemezwa na aya ya mjukuu. Bibi anasema hatarudi hata wakimwita. Mstari unaofuata mjukuu anasema anaota kurudi kila usiku. Ukisoma hivyo unaona mtu mmoja anayejipinga. Mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu mwema tu, aliniuliza, "Huyu mwandishi wenu, anataka kurudi au hataki?"

Jamani, hapa kambini tunajua uzito wa swali hilo. Sisi ni watu ambao tumehojiwa, tukahojiwa tena, na maelezo ya leo yakawekwa kando ya maelezo ya juzi. Kumpa mtu maneno ya mwenzake si kosa dogo la uchapaji.

Kompyuta wanailaumu bure. Kosa letu ni kwamba tulionyesha nukuu kwa sura, hatukuionyesha kwa alama. Programu ikitoa maandishi matupu inabakiza kile kilichochapwa kama herufi. Mapambo yote inayaacha mlangoni. Watu wa barua pepe walilijua hilo mapema, wakawa wanaweka alama ya > mwanzoni mwa kila mstari wa maneno ya mwingine. John Gruber alipotoa Markdown mwaka 2004, aliichukua alama hiyohiyo. Ni herufi kama herufi nyingine, kwa hiyo inavuka mpaka pamoja na maneno.

Chanzo ndicho kinachosumbua zaidi. Kurasa za intaneti zina alama maalumu ya kufungia nukuu ndefu, na ndani yake kuna mahali pa kuandika anwani ya chanzo. Lakini kwa kawaida msomaji haoni anwani hiyo kwenye skrini. Imefichwa ndani, na ukitoa maandishi matupu inaweza kupotea bila hata kuaga. Kwa hiyo jina la msemaji liandikwe kwa maneno, palepale.

Halafu kuna zile alama za mtajo zilizopinda. Zikipita kwenye programu ya zamani isiyozijua, zinaweza kugeuka alama za kuuliza. Kwenye nakala yangu ndivyo ilivyokuwa: neno la bibi la kukataa limezungukwa na ? huku na huku. Mzee alikata shauri, sisi tumemfanya asitesite! Tumieni zilizonyooka.

Wengine watasema hii ni kazi ya mafundi, siyo ya fasihi. Sikubali. Miswada ya zamani ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu haikuwa na alama za mtajo, na bado ukisoma unajua nani anasema, kwa sababu kuna "akanena" na "akajibu" ndani ya sentensi yenyewe. Hadithi za Mtume hutanguliwa na majina ya waliozipokea, mmoja kutoka kwa mwingine, ndipo maneno yaje. Hata mama zetu jikoni huanza na "nilimsikia shangazi akisema." Tuna "eti" pia, lakini "eti" ina shaka ndani yake, mara nyingine na kejeli, ukimwekea bibi "eti" umeshamcheka.

Nakubali kwamba > kwenye kila mstari wa shairi inachukiza. Na kusogeza kwa nafasi hakusaidii, maana simu ndogo hukata mistari inavyotaka. Kwa shairi, jina juu na mstari mtupu chini vinatosha.

Kuna wasioweza kutajwa jina, na hao ni wengi kwetu. Bado chanzo kipo: "mama mmoja, aliyeomba jina lisitajwe." Kukaa kimya kabisa hakumfichi, kunahamisha tu maneno yake kwa aliyeandika, na mwandishi naye ana usalama wake wa kulinda.

Nimempelekea mwandishi wa Uvira nakala yangu niliyoisahihisha kwa mkono. Sehemu ile sasa inasomeka hivi:

Bibi yangu alisema, tukiwa bado njiani:
> Sitarudi hata wakiniita.
(Maneno ya bibi yanaishia hapa.)
Mimi naota kurudi kila usiku.