Uza Kamera, Usichome Negatifu

Siku hizi kamera za filamu zimepata bei tena. Vijana wa Ulaya na Marekani wanatafuta Rolleiflex, Yashica Mat, Pentax K1000, na hapa Kisangani kuna familia ambazo koko aliacha sanduku la namna hiyo. Moja naijua, iko Mangobo. Mnunuzi aliuliza kama lensi ina ukungu, kama mashine inalia vizuri ukibonyeza. Kuhusu katoni tatu za negatifu hakuuliza kitu. Familia nayo ikasema: hizo tutachoma, zinajaza nyumba bure.

Mimi sikatai kuuza. Mtoto anataka minervali, mwenye nyumba anataka pesa yake. Ninachokataa ni ile hesabu ya kuweka thamani yote kwenye chuma na kuiondoa kwenye picha.

Mwaka 1951 John Huston alileta kamera ya bei kubwa kweli hapa kwetu, kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu (Ponthierville ya wakati ule), kupiga The African Queen. Ilikuwa ya Technicolor, zito mno, ndani inapitisha filamu tatu kwa pamoja. Aliyeisimamia ni Jack Cardiff, bingwa wa rangi. Tazama filamu hiyo leo: maji ni yetu, kijani kile unakijua. Lakini watu? Hadithi iko Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914, na mto unaitwa Ulanga. Wanakijiji wanaimba kanisani mwanzoni, kijiji kinachomwa, wanachukuliwa na askari, basi, filamu haiwaulizi tena. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanabaki na mto kana kwamba hakuna mtu alikuwa akivua samaki pale. Inachekesha, naipenda, na Bogart alipata Oscar yake. Ila mtu wa Ubundu anayetafuta sura ya koko yake humo ndani atachoka.

Sasa angalia Jean Depara. Alizaliwa Angola mwaka 1928. Mwaka 1950 akanunua Adox ndogo ili apige picha za harusi yake. Kisha akakaa Kinshasa, akawa mpiga picha wa Franco, na usiku akazunguka kwenye mabaa. Kwenye picha zake mtu anajua kwamba anapigwa picha: amechagua nguo, amechagua jinsi ya kusimama, na Depara anamwachia nafasi. Ni Kinshasa ya usiku na ya wenye kuvaa, hilo ni pungufu lake. Mama wa sokoni simwoni sana. Lakini wale anaowaonyesha ni watu kamili. Alifariki mwaka 1997, na mwaka 2015 picha zake zilikuwa Paris, kwenye maonyesho ya Beauté Congo. Watu hawakwenda kule kuona Adox.

Lile pungufu la Depara, studio za mitaani ndizo zinalijaza. Mama wa sokoni yumo: ubatizo, harusi, picha ya kitambulisho, kijana na diploma yake.

Na sisi wa Kisangani tuna sababu zaidi. Juni 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Dieudo Hamadi, mtoto wa hapa, katika En route pour le milliard (2020) anawafuata wahanga wakishuka mto hadi Kinshasa kudai malipo. Ushahidi wanaotembea nao ni miili yao: mguu uliokatwa, mkono usiokuwepo. Mwaka 2022 Mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa vita vyake Congo. Congo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11, na mahakama iliona kwamba kwa madai mengi ushahidi haukutosha. Sisemi katoni moja ya Mangobo ingebadilisha hukumu. Nasema watu ambao wameshaulizwa "uthibitisho uko wapi?" wasiuchome kwa mikono yao wenyewe.

Kwa hiyo uza, na uuze mapema: kwenye unyevu wa kwetu lensi isiyotumika inaota ukungu na bei inashuka. Lakini negatifu zitoe kwenye katoni, weka kila kipande ndani ya karatasi kavu, andika jina na mwaka wakati mama angali anakumbuka. Ukiweka negatifu mbele ya mwanga mweupe unaweza kuipiga kwa simu, kisha programu inaigeuza picha. Na kabla ya kuiweka hadharani, uliza wenyewe au familia yao, maana sura si yako.

Sisi tuna diploma, tuna simu, na Jumamosi wengi wetu hatuna kazi. Katoni tatu si nyingi kwa watu kumi.